Kamera Iliyopenda Bango

Nilijifunza kufokasi kamera kwa wakimbiaji, na hilo ndilo lililoniponza. Asubuhi kule Kaptagat linakuja kundi la watu kumi na wanane, nimehesabu mara mbili, wa kumi na tisa alikuwa mbwa. Wote wanatazama mbele, wote wanakujia kwa mwendo ule ule. Mkimbiaji hakupigi chenga. Unaiweka kamera kwenye ile namna ya kufuata, ambayo ukishaionyesha mtu haimwachi mpaka akupite, unabonyeza, na picha inatoka safi hivi kwamba jasho la nyusi unaweza kulihesabu tone kwa tone. Kwa miaka miwili nikatembea Eldoret nikijiita mpiga picha, kumbe nilichojua ni kupiga watu wanaokwenda moja kwa moja.

Kabla ya kamera niliuza mitumba, na kazi ile haijanitoka mdomoni. Mtu akiniambia jambo haliwezekani, huwa namuuliza, "Haliwezekani leo, ama haliwezekani wiki yote?" Mara nyingi linawezekana Alhamisi.

Basi akanijia mama mmoja mwenye agroveti kule Turbo. Siku sita anauza dawa ya kupe na mbegu za mahindi, ya saba anaimba. Kuhusu sauti yake nitasema hivi tu: nimewahi kuona dereva wa lori akizima injini amsikilize, na madereva wa lori wa barabara ile hawazimi injini hata kwa askari.

Shida yake ilikuwa picha. Alikuwa na moja tu ya kuonyesha watu, nayo ndiyo iliyochapishwa kwenye bango lake kubwa. Ilikatwa kutoka picha ya harusi ya jamaa fulani, zamani, bado akiwa na mume. Mume aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye picha ilibidi aondolewe na fundi wa kompyuta, na fundi alimwondoa karibu mwili wote. Mkono ulibaki, umetulia juu ya bega la mama, vidole vinne, kimoja kina pete. Fundi akaupaka rangi ya gauni akidhani utapotea. Haukupotea. Ukafanana na ndizi nne zilizokaa begani zikisubiri gari.

"Nimealikwa kuimba Kisumu," mama aliniambia. "Mkutano mkubwa. Sijawahi kuitwa mbali hivyo. Wanataka picha ya matangazo Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Wakikosa nyingine, wataweka hiyo ya bango."

"Na hiyo ina shida gani?" niliuliza, kwa adabu, kama mtu ambaye hajaona.

"Shida yake ina vidole vinne."

"Hata mimi nilihesabu vinne."

"Basi tumeelewana. Nataka picha moja, dada yangu. Mimi nikiimba. Peke yangu."

"Nitakupa kumi."

"Sijasema kumi. Nimesema moja."

Maishani mwangu sijawahi kukutana na mteja anayeshusha bei yangu kwa kukataa nyongeza. Nilipaswa kuogopa hapo hapo. Badala yake nilicheka moyoni, nikaenda nyumbani kuchaji betri tatu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi wa shule moja huko Langas. Mama alikuwa anazindua nyimbo zake mpya. Mvua ya Eldoret, ile isiyo na haraka, ilikuwa juu ya mabati. Ndani kulikuwa na kwaya, kibodi, na spika mbili kubwa kama kabati za nguo. Nyuma ya jukwaa, ukutani, walikuwa wamelifunga lile bango. Uso wa mama ulikuwa mkubwa kama mlango. Mkono nao ulikuwa umekua kwa kiasi hicho hicho.

Mshereheshaji, bwana mrefu mwenye suti inayong'aa na filimbi shingoni, akanisimamisha kabla sijafungua mkoba.

"Mama Kamera, utasimama mbele wimbo mmoja. Watu wamekuja kuona mwimbaji, si mgongo wako."

"Mgongo wangu ni mwembamba. Nipe nyimbo tano."

"Mmoja."

"Kwani anaimba ngapi?"

"Nne."

"Basi nimeomba tano kati ya nne, nisamehe, nilikosea. Nipe nne."

Akaishika filimbi yake. "Tatu. Na ya nne ukae chini kama Wakristo wengine."

Tukashikana mikono. Ningekubali mbili.

Wimbo wa kwanza nikaupiga kwa ile namna yangu ya Kaptagat, ya kufuata, tena nikaiongezea ufundi mpya. Kamera yangu ilikuwa ya juzi juzi tu, nimeipata kwa kubadilishana, na ina akili ya kutafuta nyuso. Inachora kisanduku kidogo juu ya uso wa mtu na kukishikilia hapo. Aliyebadilishana nami aliapa kwamba hiyo kamera inamtambua mtu kuliko chifu wa lokesheni. Mimi nikaona kazi imekwisha. Chifu yuko, mama yuko, changu ni kubonyeza.

Mama akaanza kuimba, watu wakasimama, nami nikabonyeza kama mtu anayechambua maharagwe. Picha mia moja na kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye, mara mbili, nikitumaini zipungue.

Wimbo ulipoisha, mzee wa kamati akapewa maiki asalimie watu, na mzee wa kamati akipewa maiki unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Mama akateremka jukwaani akijipangusa uso kwa leso.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Hapa niseme ukweli: kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo, na kwenye kioo kidogo kila mtu ni mzuri. Nilikuwa nategemea hilo. Lakini nilisahau kwamba huyu mama kazi yake ni kusoma maandishi madogo ya chupa za dawa ya ng'ombe.

"Panua," akasema.

Nikapanua kidogo.

"Panua mpaka mwisho. Huyu mwenye ukungu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Na huyu aliye safi hapa nyuma?"

"Ni wewe pia."

"Mbona huyo safi ameshikwa bega?"

Tukapitia nyingine, na nyingine. Kamera ilikuwa imechagua bango. Ukiifikiria vizuri, haikuwa na kosa. Uso wa bango ni mkubwa, hautikisiki, unaitazama kamera kwa macho yote mawili kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mama mwenyewe alikuwa anacheza, amefumba macho, nusu ya uso imefichwa na maiki. Ningekuwa kamera ningefanya vile vile. Kwa hiyo katika picha mia moja na kumi na mbili, mama wa kweli alikuwa moshi, na nyuma yake pete ya yule bwana ilikuwa inang'aa hivi kwamba ungeweza kuipeleka kwa sonara akakwambia ni dhahabu ama bati.

"Ni za kupasha mashine moto," nikamwambia. "Kama nyinyi na sauti. Zile zenyewe zinakuja."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mkulima anayedai mbegu hazikuota.

Nikamwendea mshereheshaji. Mimi jambo likinishinda kwa mashine, hurudi kwenye mdomo.

"Hilo bango litoke."

"Bango halitoki. Kamati imelifunga kwa waya."

"Lifunguliwe kwa nyimbo mbili tu. Litarudi."

"Mgeni wa heshima hajapigwa picha nalo."

"Basi ligeuzwe, litazame ukuta."

"Mwimbaji atazame ukuta siku yake mwenyewe? Mama Kamera, wewe uko sawa kweli?"

Nikarudi kwenye kamera yangu.

Wimbo wa pili nikabadilisha mbinu. Nikaizima ile akili ya kutafuta nyuso, chifu akapelekwa likizo. Nikaiweka kamera kwenye ile namna ya mara moja, yenye nukta moja ndogo katikati. Hii unaielekeza nukta pale unapotaka, unabonyeza nusu, inafokasi hapo na kukaa hapo. Ni kama karani wa ofisi ya ardhi: akishapiga muhuri, hata uje na mashahidi kumi harudi nyuma. Nikaona hii ndiyo dawa. Nukta juu ya uso wa mama, muhuri, picha.

Nilichosahau ni desturi zetu. Sisi watu wa huku tukimfurahia mtu tunamvisha mashada, yale ya karatasi za kumeremeta wanayovishwa waliofuzu chuo. Tena shada moja ni kama tusi. Ubeti wa kwanza haujaisha, shangazi zake wakaanza kupanda jukwaani, mmoja mmoja, kila mmoja anacheza mpaka mbele, anamvika, anacheza kurudi. Nikahesabu tisa. Mwisho wa wimbo yalikuwa kumi na moja. Nilirudia kuhesabu kwa sababu mawili yalikuwa yamenasana. Kidevu cha mama kilikuwa kimezama. Kilichobaki ni macho, paji la uso na kilemba, kama mtu anayeoga mtoni.

Na ukumbi wenyewe ulikuwa na giza la mvua, ikabidi niifungue lenzi mpaka mwisho ili mwanga uingie. Ukiifungua hivyo, sehemu inayotoka safi inakuwa nyembamba kama kiganja. Ukifokasi shada, uso ulio kiganja kimoja nyuma yake unakuwa uji. Nukta yangu ikawa inaangukia mashada. Nikiipandisha juu, shangazi mwingine anapita na kofia yake, karani anapiga muhuri kofia. Nikimpata mama mwenyewe, kabla sijamalizia kubonyeza ameshacheza hatua moja nyuma, na muhuri umebaki hewani pale alipokuwa.

Wimbo ukaisha. Mshereheshaji akaanza kutambulisha wageni kutoka makanisa mengine. Mama akaja, anameremeta kila upande.

"Panua."

Nikapanua. Akatazama kwa utulivu.

"Hizi mashada zimetoka vizuri sana," akasema. "Si basi ziende Kisumu zikaimbe."

Nilitaka kucheka lakini yeye hakucheka. Akanivuta nyuma ya spika, akashusha sauti.

"Dada yangu, nikwambie kitu. Kila mahali nikienda kuimba, lazima mtu aje aniulize, Mama, mzee wako hakuja leo? Tumeona mkono wake pale. Miaka sita. Miaka sita namjibia mtu ambaye hata nambari yake ya simu sina. Nasema yuko kazini. Nasema ana mafua. Kisumu hakuna anayenijua. Sitaki kufika huko nianze tena na habari ya mafua."

"Umebakisha nyimbo mbili," nikasema.

"Mimi nimebakisha mbili. Wewe umebakisha moja. Nilisikia mkipatana."

Akarudi jukwaani. Nami nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya na ninakipendekeza kwa kila mtu: nikaiweka kamera chini. Wimbo wa tatu ukaanza, na ubeti wote wa kwanza sikupiga hata picha moja. Nikahesabu.

Waya wa maiki ulikuwa mfupi, kwa hiyo maiki haikutoka kwenye stendi. Mama anaimba mstari mmoja pale kwenye stendi, kwaya inaitikia. Kwaya ikiitikia, yeye anacheza hatua nne kwenda upande wa kibodi, hatua nne kurudi, anaimba mstari wa pili. Kwaya inaitikia, hatua nne kwenda kwa spika, nne kurudi, mstari wa tatu. Mstari wa nne ndio wa juu. Huo haumalizi bila kuinua kidevu, na akikiinua, kinatoka juu ya mashada yote kumi na moja kama mtu anayevuta pumzi kutoka majini. Anakaa hapo hesabu ya mbili. Halafu anashuka.

Nilihesabu tena ubeti wa pili ili nisidanganyike. Ilikuwa vile vile.

Mkimbiaji lazima umfuate kwa sababu harudi. Mwimbaji anarudi. Na stendi ya maiki haichezi hata ukiipigia ngoma. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kumfuata mtu yeyote. Nikaizima fokasi ya kamera kabisa, nikaikataza kufikiri, nikaiweka ya mkono. Mama alipokuja kwenye stendi nikazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka kope zake zikasimama wima, moja moja. Nikaacha hapo. Nikaegemeza kiwiko kwenye spika, nikapanga ncha za viatu vyangu kwenye ufa wa sakafu, nikawa kama nguzo ya stima.

Zilibaki beti nne, na shangazi.

Nikamwita mshereheshaji kwa kidole. Nikamnong'oneza. Alicheka mpaka filimbi ikatingishika, kisha akasema kwenye maiki yake, kwaya ikiwa katikati ya kuitikia:

"Tangazo fupi! Mama Kamera anasema, atakayepita kati ya kamera na mwimbaji atapigwa picha kutoka nyuma. Na hiyo picha itawekwa pale mlangoni, kila mtu aione akitoka!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, lakini njia ikafunguka. Shangazi wote wakageuka kuwa watu wa kucheza pembeni. Mmoja tu ndiye aliyebaki upande usio wake, akapita mbele yangu kiubavu-ubavu, amejiziba nyuma kwa mkoba, anapiga kelele, "Mimi napitisha ubavu! Umeona? Ubavu tu!"

Kwa hiyo ubeti wa tatu ulikwenda na ubavu wa shangazi.

Ubeti wa nne nikabonyeza mapema kidogo, kwa hofu. Wa tano nikasubiri hatua nne za kibodi, nne za kurudi, nne za spika, nne za kurudi, kidevu, moja, nikabonyeza. Wa sita hivyo hivyo, na kwa kuwa ni wa mwisho, mama alikaa juu hesabu ya tatu badala ya mbili, nikabonyeza tena. Picha nne kwa wimbo mzima, moja ikiwa ya shangazi. Mimi niliyezoea mia na ushei. Kidole kilikuwa kinaniuma kwa kukosa kazi.

Sikusubiri kuambiwa panua. Nilipanua mwenyewe, mgongo nimewapa watu. Kwenye ile ya mwisho nikahesabu kope za jicho la kushoto, nikafika kumi na moja, mshereheshaji akanigusa bega.

"Mkataba, Mama Kamera. Kiti chako ni kile."

Nikaenda kukaa. Wimbo wa nne niliusikiliza kama Wakristo wengine, na ulikuwa mzuri kuliko yote, na sikuupiga hata picha.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa Turbo, ndani ya agroveti, kompyuta yangu nimeiweka kaunta kati ya mabomba ya kunyunyizia dawa na mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Kulikuwa na mteja mmoja, mzee mwenye koti la mvua, anasubiri dawa ya minyoo. Mama akavaa miwani.

Nikafungua picha tatu. Kwa sababu nilikuwa nimeishikilia fokasi pale kwenye stendi, kila kilicho nyuma ya mama kilikuwa kimeyeyuka. Bango lilikuwa limebaki wingu la zambarau. Alilitazama hilo wingu kwa muda mrefu kuliko alivyojitazama mwenyewe. Akapitisha kidole juu ya kioo, pale ambapo bega la bango lingekuwa, huku na huku, kama mtu anayepima kitambaa kwa dosari. Nami nikamsogezea kompyuta karibu.

Kisha tukaanza kubishana.

Mimi nilitaka ile niliyobonyeza mapema, ya ubeti wa nne. Mdomo umefungwa nusu, tabasamu kidogo, macho yametulia. Picha ya mtu wa kualikwa. Yeye akataka ile ya mwisho. Ile ya mwisho kidevu kiko juu, mishipa ya shingo imesimama, shada moja limepanda sikioni, na mdomo uko wazi hivi kwamba pengo la jino la chini linaonekana, jeusi, katikati kabisa.

"Mama, hii ya kwanza ina heshima zaidi."

"Heshima ninayo hapa dukani. Pale nilikuwa naimba."

"Basi tupeleke zote mbili, wachague wenyewe."

"Nilikwambia ngapi siku ile?"

"Moja."

"Umeanza tena na kumi."

Nikamgeukia yule mzee, maana kwenye biashara ukishindwa na mmoja unatafuta shahidi. "Mzee, hebu tuamulie. Ipi nzuri?"

Mzee akainama, akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. Akaonyesha ile yangu kwa kidole cha udongo. "Hii imenyamaza," akasema. Akaonyesha ile ya mama. "Hii naisikia."

Tukaituma saa tano kasorobo. Dakika kumi baadaye simu ikalia, ilikuwa fundi wa matangazo kutoka Kisumu. Mama akaiweka kwenye spika ili mikono yake iendelee kutafuta dawa ya mzee kwenye rafu.

"Mama, picha imefika, ni kali sana! Naomba tu ruhusa kidogo. Hilo pengo la jino nikuzibie? Kwa kompyuta ni dakika mbili, hakuna atakayejua."

Mama akasimama na chupa mkononi.

"Kijana, umeoa?"

"Bado, Mama."

"Basi nisikilize. Usiongeze kitu, usiondoe kitu. Ukigusa hilo pengo nitakuja Kisumu leo, na sitakuja kuimba."

"Sawa, Mama. Sawa sawa. Inaenda hivyo ilivyo."

Akakata simu, akasoma maandishi madogo ya ile chupa, akamgeukia mzee.

"Ng'ombe ni wangapi?"